Siku Mama Danieli Alipofungua Kanga Yake

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinikabidhi rungu, filimbi na kitabu cha matukio, kile cha kuandikia kila taarifa inayofika kaunta. "Konstebo," akasema, "hapa Babati utaandika ng'ombe mpaka uote pembe." Hakuwa anatania. Miaka ile kazi yetu ilikuwa wizi wa mifugo na ugomvi wa vilabuni. Mtu akiuawa, mji wote ulizizima.

Nikahamishwa vituo vitatu, nikarudi Babati nikiwa sajenti. Nikakuta mji mwingine. Pikipiki zimejaa, na majambazi nao wamepata ujanja: mmoja anajifanya abiria, anampeleka dereva porini, wenzake wanangoja na mapanga. Tukawa tunaokota watoto wa watu mashambani. Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mtu wa maneno machache, aliongeza doria na kuanzisha ulinzi shirikishi, yaani wananchi kulinda mitaa yao pamoja nasi. Ilisaidia, lakini watu walikuwa wameshachoka kungoja mahakama.

Asubuhi moja Danieli, dereva bodaboda wa Maisaka, akawa hajulikani alipo. Saa tano pikipiki yake ikaonekana Nangara, inaendeshwa na mtu mgeni. Weee! Nilipofika na konstebo mmoja, umati umeshamzunguka. Yuko chini, damu usoni, tairi shingoni, na petroli imeshaletwa. Nikapiga filimbi, nani asikie? Nikafyatua risasi hewani, wakainama, wakainuka. Sisemi uongo, niliogopa.

Ndipo akaja mama yake Danieli. Anatembea tu, hakimbii. Watu wakampisha, wakidhani anakuja kurusha jiwe lake. Akafungua kanga aliyojifunga juu ya gauni, akamfunika nayo yule mtu, akaketi chini kando yake. Kwa wazee wetu, nguo ya mama aliyezaa ikishamfunika mtu, anayempiga amempiga mama yake mwenyewe. Nikaona mikono inashuka.

"Mama Danieli, huyo ndiye kamuua mwanao!" mtu akapiga kelele.

"Wewe maiti umeiona?" akamjibu. "Mkimchoma huyu, nani atanionyesha mwanangu alipo?"

Loo! Mimi na bunduki yangu na cheo changu begani, hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Akamwinamia, akamuuliza polepole, kama unavyomuuliza mtoto aliyevunja chungu. Yule mtu akaangua kilio, akataja shamba la mahindi nyuma ya Bonga. Tukamkuta Danieli amefungwa kamba mikono na miguu, kichwa kimepasuka, midomo imekauka kwa jua. Anapumua! Daktari alituambia tungechelewa kidogo tu, tungeleta maiti.

Sasa nimestaafu. Vijana wangu huniomba niwaonyeshe kovu, niwasimulie risasi. Sina. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wenye nyota mabegani, na nikiwaza ushujaa, namwona mwanamke ameketi vumbini.

Mama Danieli ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Hata hivyo nikikutana naye sokoni navua kofia, nasema, "Shikamoo, mama."

Mwanzoni alikuwa anaona haya. "Jamani, Baba Neema! Mimi ndiye wa kukuamkia wewe!"

Nami nasimama palepale, watu wanatushangaa, siondoki mpaka aseme marahaba.