Lusajo, mashine yako ya Nyololo imeamka yenyewe

Bado naona kama mtu atanipigia aseme ni utani. Jumapili Lusajo alitoka kanisani, akalalamika kifua, na jioni hakuwepo tena. Jana tumemzika kwao Tukuyu.

Kwa msiomjua: tulikaa meza moja ofisini hapa Kihesa tangu naanza kazi. Mimi Mhehe, yeye Mnyakyusa. Asubuhi nikimsalimia kikwetu "Kamwene," anajibu kwa salamu ya kwao, "Ugonile." Hakuna aliyekubali kubadilika.

Alikuwa na ugonjwa wa kupunguza vitu kwenye program. Tulitengeneza mfumo wa kituo cha maziwa Nyololo: database ya key-value, unataja namba ya mfugaji, inakurudishia lita zake. Basi. Lusajo akasema kama kazi yenyewe ni hiyo tu, container, yaani kifurushi ambamo program inakaa, isibebe kingine chochote.

Mtandao wa kule mnaujua. Image ya kawaida, yaani faili la kusimika container, ikianza kushuka, unachemsha chai, unakunywa, unachemsha nyingine. Ya Lusajo ilishuka kabla maji hayajapata moto.

Nikamuuliza, "Sasa hujaweka hata shell ya kuandikia amri, nikitaka kuingia nikague?"

"Dada, uingie kufanya nini? Mle hamna hata kigoda."

Kuna siku alipitiliza. Kwenye program ya kutuma meseji alifuta hadi faili za majira ya saa za hapa kwetu, meseji zikawa nyuma kwa saa tatu. Mzee mmoja mfugaji akapiga simu. "Kijana, meseji yako inasema nimeleta maziwa saa tisa usiku. Mama watoto anauliza nilikuwa wapi."

Lusajo akamwomba radhi mzee, kisha akaomba apewe mama, akamwomba radhi na yeye. Boss alicheka mpaka akatoka nje.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa: data. Aliiweka kwenye disk, nje ya container. "Container ni ya kutupa," alikuwa anasema. "Lita za watu si za kutupa."

Jana tukiwa makaburini nikapata meseji kutoka kituoni: umeme umekatika Nyololo, mashine imezima. Lita za wafugaji wote zimo mle, na anayeijua ile mashine ndiye tunayemfukia.

Tulikuwa tunaweka mashada simu ilipotetemeka tena. Ni yule mzee wa saa tisa usiku. "Umeme umerudi. Meseji imekuja, lita zangu zote zipo. Mwambie kijana asante."

Mzee hakuwa na habari za msiba.

Nilikuambia pale pale, Lusajo, kwa sauti, watu wakageuka kunitazama. Nililia, lakini nilikuwa na furaha, na sioni aibu kusema hivyo.

Ndaga fijo, asante sana, kaka. Hakuna kilichopotea. Leo nimefika ofisini, nikakaa, nikatazama kiti chako. Sikusema Kamwene.

Ugonile, Lusajo. Umeshinda. Sasa lala kwa amani.