Ndoo za Mabhalane

Nobukhosi alikuwa mwanamke asiyejua kukaa. Tangu aolewe na kuletwa nyumbani kwa akina Mlotshwa pale Magwegwe, Bulawayo, majirani hawakuwahi kumwona mikono mitupu. Akimaliza kufagia ua, anaurudia. Akimaliza sufuria za leo, anasugua za jana ambazo tayari zinang'aa. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, kuitwa mke mvivu, na kwa hilo simlaumu, maana wanawake wa mtaa ule wana midomo.

Mumewe alikuwa kazini Johannesburg na mama mkwe alikwishafariki, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili: yeye na baba mkwe, mzee Mlotshwa, mstaafu wa reli. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwa desturi ya kwao, mke mgeni hasemi na baba mkwe ana kwa ana, humtuma mtu. Na mtu hakuwepo. Alikuwepo Mabhalane tu, samaki mkubwa wa rangi ya chungwa, aliyeachwa na marehemu ndani ya tangi la kioo sebuleni.

Siku ya kwanza mzee alikohoa, akaligeukia tangi. "Mabhalane, hebu mwambie mkwe wangu chai yake nzuri, ila sukari apunguze. Anataka kuniua?"

Nobukhosi, nyuma ya mlango wa jikoni, nusura acheke. "Mabhalane, mwambie baba nimesikia. Na umwambie sukari alijitilia mwenyewe."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo wakaishi hivyo, samaki yupo katikati, anafumbua na kufumba mdomo kana kwamba kweli anafikisha ujumbe. Mzee, ambaye baada ya kumzika mkewe alikuwa hasemi na mtu, alianza tena kunyoa ndevu.

Lakini kuna jambo moja Mabhalane hakuwahi kutumwa. Hakuna aliyemweleza Nobukhosi kwa nini ndoo mbili za maji zilikaa wazi nyuma ya mlango, kutwa kucha, bila kuguswa. Mzee alidhani hilo kila mtu analijua.

Wiki ile mabomba yalikuwa yamekauka mtaa mzima. Maji yaliporudi alfajiri, Nobukhosi alijaza kila chombo, mpaka masufuria ya sherehe. Akaziona zile ndoo mbili, vumbi linaelea juu. Maji yaliyolala! Mgeni akiingia atasemaje? Akayamwaga kwenye mboga, akazisugua ndoo, akajaza mapya na kuzirudisha palepale. Roho yake ikatulia kabisa.

Baada ya chai mzee alichota sehemu ya maji machafu ya tangi akayatia kwenye beseni, kisha akamimina ndoo ya kwanza ndani ya tangi. Nobukhosi alikuja, kichwa chini, kuchukua beseni akanyweshee mboga kama kawaida. Alipolishika tu, ndipo akaisikia harufu, ileile kali ya klorini, dawa ya maji ya bomba, iliyokuwa ikimchoma pua tangu alfajiri. Akainua macho. Mabhalane alikuwa amelala ubavu, mapezi yanamtetemeka, anahema juu ya maji.

"Una nini wewe?" mzee akasema. "Maji bado machafu, eh? Ngoja, ngoja nikuongezee." Akainamia ndoo ya pili.

Nobukhosi aliangaza huku na huku kumtafuta wa kumtuma. Amkatize baba mkwe? Ampigie kelele nyumbani kwake? Ndoo ikainuka.

"Baba, acha! Usimwage! Ni maji ya bomba hayo, nimejaza mimi leo!"

Mzee aliishusha ndoo polepole, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Nobukhosi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Yale yaliyolala umeyamwaga?"

"Nimeyamwaga, baba."

"Tunayalaza ili dawa itoke, mwanangu. Sisi tunakunywa haitudhuru, yeye inamuunguza mashavu anayopumulia. Lete hilo beseni, haraka!"

Nobukhosi alikuwa bado amelishika. Yale machafu, aliyokuwa karibu kuyatupa, ndiyo maji pekee ya kumfaa samaki yaliyobaki nyumba nzima. Mzee alimtoa Mabhalane kwa viganja viwili akamlaza humo, wakapiga magoti wote wawili, mzee anayatikisa maji taratibu ili hewa iingie. Nobukhosi alilia waziwazi. Amuue samaki wa mama mkwe! Lakini kilichomliza zaidi ni nyumba ile, jinsi itakavyokuwa bubu tena.

Jua lilikuwa limefika dirishani Mabhalane alipojinyoosha, akapiga mkia na kumrushia mzee maji usoni.

Mzee akajifuta. "Ulijua mapema. Nilikuona umesimama. Mbona hukusema upesi?"

"Nilikosa wa kumtuma, baba. Ninayemtuma ndiye aliyekuwa anakufa."

Mzee hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili.

"Basi usimtume tena," akasema. "Amezeeka huyu. Njoo mwenyewe."