Kiwanja Alichokichagua Letisia

Tadeo alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang. Yeye alilala kambini. Mkewe, Letisia, alibaki kwa wakwe zake, milimani Mbulu. Walipomzika mtoto wao wa kwanza, kichanga ambaye hata mwezi hakumaliza, Tadeo alirudi kazini akiwa amekata shauri: hawataishi tena mbalimbali.

Akaomba kiwanja Balangdalalu, kijiji cha jirani na mashamba hayo. Kijiji kikamwonyesha viwili. Kimoja kilikuwa tambarare, kando ya barabara, lori lingeshusha matofali pale pale. Cha pili kilikuwa mteremkoni, mawe matupu, kimepakana na boma la wafugaji. Kwa Tadeo hapakuwa na cha kufikiri. Hata hivyo akamleta Letisia aone.

Letisia alikizunguka kile cha barabarani.

"Unakionaje?"

"Kizuri."

Siku hizo kila kitu alikiita kizuri, na kila mara Tadeo aliumia moyoni.

Wakapanda cha pili, ili tu wasije wakasema hawakukiona. Hawajafika katikati, mvua ikawashukia. Wakakimbilia bomani. Mlangoni alisimama mama wa makamo, shanga shingoni.

"Shikamoo, mama," Letisia alisema, maji yakimtiririka.

"Marahaba. Ingia, mwanangu, ingia!"

Alikuwa Mama Gidamis, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alimvua Letisia kanga iliyolowa, akamfunika shuka lake mwenyewe, akampa maziwa kwenye kibuyu.

"Watoto wangapi?"

Tadeo alifungua kinywa amjibie. Letisia akamtangulia.

"Mmoja. Tulimzika."

Mama Gidamis akauchukua mkono wake, akauweka mapajani pake.

"Mimi, wawili nimezika," alisema.

Wakakaa hivyo, mvua ikipiga juu ya paa la udongo. Tadeo hakujua atazame wapi. Mara akasikia kofia yake ikivutwa: mwanambuzi alikuwa ameshatafuna ukingo mzima. Alipoinyakua, Letisia akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi, na Mama Gidamis naye akajipigapiga magoti. Tadeo alikuwa amesahau mkewe anavyocheka.

Mvua ilipokatika, wakasimama nje kwenye tope.

"Tujenge hapa," Letisia alisema.

"Na mawe yote haya?"

"Wewe utashinda kwenye kombaini. Mimi nitashinda na nani, na barabara?"

Tadeo hakubishana. Kiangazi chote alichimba ule mteremko kwa sururu, akinung'unika, na mawe aliyoyang'oa akayajengea msingi.

Msimu wa mavuno uliofuata alirudi jioni moja, amejaa vumbi la ngano, akakuta nyumba tupu na ugali umefunikwa. Kutoka bomani alisikia sauti mbili zikipokezana. Alitaka kuita. Akaona awaache, akanawa, akala peke yake, mlango ukiwa wazi.