Nyanjige Alivyomwanika Mwanawe Stendi

Halafu mnasema eti mtoto ndiye kamwaibisha mama yake. Acheni hizo. Aibu ya Nyanjige kaileta Nyanjige mwenyewe, kwa mdomo wake, mchana kweupe, na analijua hilo kuliko nyie wote mnaomsema hapo sokoni Bariadi.

Nyanjige anauza mchele. Binti yake Kabula ana miaka tisa, ila ukimwona unampa kumi na tatu. Tangu anatambaa ni bonge. Kwao Sapiwi, ambako baba yake, Masunga, analima pamba na kufuga, maziwa hayapimwi, na mtoto mnene ni sifa ya nyumba. Msimu wa pamba, wanaume wakimaliza kupima mizigo, wanamning'iniza Kabula kwenye mzani wasome kilo, watu wacheke.

"Masunga, huyu ng'ombe zake za mahari zizi halitatosha."

Masunga anacheka mpaka machozi. Nyanjige naye alikuwa anacheka, kisha anamwongezea mtoto maziwa. Kabula akikataa mzani, wanambeba tu.

Mwaka huu mwili wa mtoto ukaanza kubadilika. Nyanjige akajiambia ni unene. Kumwambia habari za hedhi? Kwao hilo ni la bibi, mama haongei mambo hayo na binti yake. Na bibi yuko Sapiwi, anasubiri mjukuu akue kwanza.

Basi siku moja Kabula akatoka shule kabla ya wenzake, kajifunga sweta kiunoni. Nyanjige akaifungua, akaona damu kwenye sketi.

"Nani kakufanya hivi?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Nani anakupeleka shule?"

"Danford."

Mtoto kajibu alichoulizwa. Danford ni kijana wa bodaboda, anampeleka Kabula shule kila asubuhi. Nyanjige hakuuliza la pili. Akamburuta mtoto mpaka stendi, na mbele ya madereva na mama ntilie akamporomoshea Danford matusi, kwamba kamharibia mtoto. Vijana wakaanza kuokota mawe. Danford akawasha pikipiki, ndiyo ikawa pona yake. Kabula akabaki kasimama katikati ya watu na ile sketi.

Mama mmoja muuza uji, Philomena, akamfunga mtoto kanga, akawapeleka zahanati. Nesi Violeth akakaa na Kabula peke yao, akaongea naye, akampima. Halafu akamwita mama.

"Mayu, mama yangu, mtoto hajaguswa na mtu. Ni hedhi."

"Ana miaka tisa, dada."

"Ni mapema, ndiyo maana nataka daktari wa hospitali amwone, tujue hakuna kingine. Ila binti akiwa na uzito mkubwa tangu mdogo, mara nyingi mwili unawahi kukomaa. Hata wembamba wapo wanaowahi. Wewe ulimwambia nini kuhusu hedhi?"

"Hilo ni la bibi yake."

"Alidhani anakufa," Violeth akasema. "Kaniambia mama kakasirika kwa sababu yeye anakula sana."

Usiku ule Nyanjige hakula. Asubuhi akawahi stendi watu hawajajaa, akamsogelea Danford kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu, yale ya jana yaishe. Nilikosea."

"Ongeza sauti, mayu."

"Watu watasikia."

"Jana hukunong'ona."

"Jana mpaka Maswa walisikia," dereva mwingine akadakia. Wenzake wakacheka. Danford hakucheka.

Nyanjige akapaza sauti. "Danford hajamgusa mwanangu. Nilimsingizia." Angeishia hapo. Lakini macho ya watu yalimchanganya, akataka aeleweke, akaongeza: "Ni damu ya kila mwezi tu, imemwahi mtoto."

Neno likishatoka halirudi. Kamsafisha Danford, kamwanika Kabula mara ya pili, stendi ileile. Akashindwa hata kuaga, akaenda zake kichwa chini.

Huko shule wakamwita Kabula mke wa Danford. Siku ya tatu akagoma kwenda. Nyanjige akakaa naye kitandani, hana pa kuanzia, maana hata yeye hakuna aliyemfundisha kuongea hayo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama, nikiacha kula itaisha?"

Nyanjige akajifunika uso kwa kanga, na mtoto ndiye aliyembembeleza.

Wiki ya pili hii Kabula hajaenda shule. Sasa nyie mliookota mawe na nyie mliocheka, kakalisheni watoto wenu chini leo, waambieni wakome kumwita hivyo. Na kama una binti wa miaka minane, awe mnene, awe mwembamba, usimsubirie bibi. Weka hiyo simu chini, mwite, mwambie sasa hivi.