Pasta Ghislain Aombewa

Bijou aliletwa London kutoka Bukavu akiwa na miaka tisa, akalelewa Tottenham na shangazi yake, Léocadie, ambaye husafisha ofisi. Asubuhi Bijou huwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mchana anasoma sheria Croydon, katika chuo chetu kidogo cha kanisa.

Mlezi wa kiroho wa chuo ni Pasta Ghislain. Mwezi wa pili Bijou alimfuata ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwamba anapenda wanawake, na kwamba chuoni wapo wengine kama yeye wanaotaka kuanzisha kikundi cha kusaidiana. Kikundi chochote hapa lazima kipate sahihi ya Pasta.

"Asante kwa kuniamini, binti yangu," Pasta alimjibu.

Jumatano ndiyo siku yetu ya ibada. Mwenye shida huiandika kwenye kadi, huitia kapuni, na Pasta huisoma kwenye kipaza sauti. Sharti aliliweka mwenyewe: kadi hairukwi, hata iwe ya nani. Jumatano ya wiki ile alitoa kadi yenye mwandiko wake mwenyewe, akasoma: "Tumwombee dada Bijou, anayesumbuliwa na tamaa ya wanawake wenzake."

Kabla ya amina mtu alikuwa ameshampigia simu Léocadie. Bijou alipofika nyumbani, nguo zake zilikuwa koridoni ndani ya mifuko ya takataka.

"Tantine, hata viatu vya kazi?" Bijou alimuuliza shangazi yake mlangoni.

"Peleka kwa hao wanawake wako!" Léocadie alijibu kwa ndani, na komeo likalia.

Tangu siku hiyo Bijou analala sebuleni kwa rafiki yake, Peckham. Hakutulilia. Alinunua kadi, akatufuata maktabani mmoja mmoja. Nilimwambia mimi hata kujibu swali darasani naogopa.

"Nani amekuambia uongee? Ataongea Pasta. Wewe andika."

Jumatano iliyofuata kapu lilifurika. Pasta alichukua kadi ya juu, akaanza kwa ile sauti yake ya asali: "Tumwombee ndugu Ghislain, aliyeambiwa siri, akaitangaza..." Akaishia hapo. Akachukua nyingine. "Tumwombee ndugu Ghislain, aliyemfukuzisha msichana nyumbani..."

"Soma, Pasta! Kadi hairukwi!" alipaza sauti Norbert, mpiga kinanda wetu. Watu wakaangua kicheko.

Alisoma thelathini na moja. Ya ishirini ilikuwa yangu. Bijou alipiga magoti safu ya mbele, macho wazi yakimtazama, na kila kadi aliijibu kwa nguvu: "Amina!" Ilipofika ya mwisho, shati la Pasta lilikuwa limelowa.

Mlangoni Pasta alimshika mkono. "Dada Bijou, umenivua nguo mbele ya watu. Umeridhika?"

Bijou akamtolea fomu ya kikundi. Pasta akaiegemeza ukutani, akaweka sahihi bila kuisoma.

"Basi, yameisha. Tusameheane."

"Ya kikundi yameisha, Pasta. Yangu na wewe bado. Nitaleta kadi kila Jumatano."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uende Tottenham, ukamwambie Tantine ulichonifanyia, naye anifungulie mlango."

Mpaka leo hajaenda. Juzi Jumatano alisoma kadi nne zenye jina lake.