Gesi Mbili za Mama Mdogo

Mama mdogo ni fundi wa friji. Mtaani wanamwita Bi Baridi, ingawa hasira zake ziko puani. Huegemeza shavu kwenye friji na kuisikiliza, macho amefumba, nami humtazama mpaka nasahau kummulikia tochi.

Juzi friji ya muuza juisi, aliyoitengeneza mama mdogo, ilirudishwa kwa mkokoteni. Mwenyewe alikuja nyuma yake amefura.

"Bi Baridi, hii ni friji au kabati la nguo? Isipogandisha kufikia kesho, naipeleka kwa fundi mwingine, na soko zima litajua!"

Alipoondoka, mama mdogo alichukua bisibisi. Kibanda anachofanyia kazi ni cha kupanga. Chake ni jina tu.

Alikagua mota, akakagua mabomba. Vizima.

"Gesi nilijaza vizuri," alisema. "Isobutani, gesi yake ya kawaida, ilikuwa imeniishia, nikatumia hii." Lilikuwa kopo la kujazia viberiti vya gesi: butani. "Si ndugu hao?"

Moyo ulinidunda. Hizo ndizo haidrokaboni tulizokuwa tumefundishwa darasani! Nikachora kwa chaki sakafuni: kaboni nne zimeshikana mikono kwenye mstari; pembeni yake, kaboni tatu tu kwenye mstari, na ya nne imening'inia kwenye ile ya katikati. Haidrojeni kumi huku, kumi kule.

"Hizi ni isoma, mama mdogo. Atomi zilezile, idadi ileile, mpangilio tofauti. Hawa wa mstari hujilaza bega kwa bega, kuamka kuwa mvuke ni kazi. Wenye tawi huchemka hata kwenye baridi kali, na wakichemka ndipo wanapofyonza joto."

Nikawaona hao wa mstari, kama ndotoni, wakijikokota mabombani wamelala nusu, gizani, wakipitana bila salamu.

"Kumbe mota ni nzima," alisema taratibu, "mbovu ni mimi."

Akatafuta isobutani. Tukaitoa ile gesi uani, mbali na moto, akajaza upya. Kufikia jioni utando mweupe wa barafu ulikuwa umeota ukutani mwa friji, nikauchora kwa kidole.

"Mwambie mota ilisumbua," nilimnong'oneza mama mdogo, muuza juisi alipofika.

Mama mdogo akanikata jicho, akamgeukia mteja. "Nilikosea gesi, kaka yangu. Kosa langu, hulipi kitu."

Muuza juisi akagusa barafu, akamtazama.

"Mwingine angeniuzia mota mpya." Akacheka. "Kuna friji ya dada yangu nayo inavuja. Njoo uitazame. Ila kopo la gesi nitalisoma mwenyewe!"