Mgebuka Mmoja kwenye Mawese

Chwaaa! Mpaka leo naisikia sauti ile, mawese ya moto yakitua kwenye mkono wangu wa kulia.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa jikoni. Mama alikaanga samaki wa ziwani, migebuka, wa kuuza hapa kwetu Ujiji, mimi nachochea kuni huku naimba. Siku hiyo figa likateleza, karai likapinduka. Ngozi ilibambuka kama ya nyanya iliyochemshwa. Hospitalini, kila wakibadilisha bandeji nililia mpaka sauti ikakauka. Daktari akatoa ngozi pajani, akaipandikiza mkononi. Kidonda kikapona.

Moyo ndio ukagoma. Nikiona moto tu, jasho, kutetemeka, kutapika. Mama akahamishia jiko kwa jirani. Shangazi akawa ananipokonya hata birika la chai. "Mwacheni mtoto, kateseka!" Nikajiona sina kazi tena duniani.

Ndipo mwanasaikolojia wa hospitali akamtuma nyumbani kwetu Dada Rehema, msaidizi wa tiba ya tabia.

"Shikamoo shangazi," alisema. "Huruma yenu nzuri, ila inamfundisha kuwa moto umemshinda."

Shangazi akabetua mdomo. "Basi mtupe motoni kabisa!"

"Hapana. Leo anashika karai la baridi. Basi."

Nikalishika. Akanipigia makofi utadhani nimefunga goli! Baadaye tukakaa mbali na jiko linalowaka, tukawa tunasogea kidogo kidogo. Nikishindwa tunarudi nyuma, bila kugombezwa.

Siku moja nikamuuliza, "Dada, wewe daktari?"

Akacheka. "Nimeishia kidato cha nne. Nikapata mafunzo, nikafanya kazi chini ya msimamizi, nikafanya mtihani wa cheti."

"Mimi hesabu zilinipiga chenga. Nitaiweza kweli kazi yako?"

"Unaweza kumsubiri mtu bila kumchoka?"

Jamani, mimi niliyesubiriwa vile, nishindwe kusubiri? Tangu hapo ndiyo ndoto yangu. Nawe unayesoma, ifikirie kazi hii: mama uliyelea mtoto aliyechelewa kusema, kijana mwenye subira, hata wewe uliyepona jambo. Na ukiwa na mgonjwa nyumbani, mpende, lakini mwachie birika lake.

Alhamdulillah kwa mama, kwa Dada Rehema, hata kwa shangazi na mdomo wake.

Jana mama na shangazi walikwenda harusini Katubuka. Nikapanga kuni. Nikawasha kiberiti, nikabandika karai, nikamimina mawese, nikaingiza mgebuka mmoja.

Chwaaa!

Nikarudi nyuma hatua moja, nikasogea tena. Nikasubiri upande wa chini uive, nikaugeuza.